NMR ya Uga Mkubwa katika Uchambuzi wa Kikemia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili, wakaguzi wa ubora na wazalishaji wa bidhaa za mimea wanaotaka kujua mashine ya NMR inaweza kuwafanyia nini kabla hawajaleta sampuli. Mfano unaojirudia ni mafuta ya karafuu. Kiungo chake kikuu, yujenoli, ni molekuli ndogo ambayo spektra yake husomeka bila taabu, na soko lake lina maswali halisi ambayo NMR inaweza kuyajibu.

NMR inapima nini hasa?

NMR ni ufupisho unaotumika duniani kote kwa mbinu ya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu. Baadhi ya viini, kama kile cha hidrojeni ya kawaida na kile cha kaboni-13, vina usumaku wake. Vikiwekwa ndani ya uga wenye nguvu wa sumaku hujigawa katika ngazi za nishati zinazotofautiana kidogo mno, na mpigo wa mawimbi ya redio yenye masafa yanayolingana na tofauti hiyo huviamsha. Mpigo unapokoma, viini huendelea kuzunguka kwa pamoja kwa muda mfupi na kutoa ishara dhaifu inayonaswa na koili iliyouzunguka mrija wa sampuli, kisha kompyuta huigeuza ishara hiyo, kwa hesabu ya Fourier, iwe spektra yenye vilele.

Faida kwa mkemia ni kwamba elektroni zilizo jirani na kiini hukikinga kidogo dhidi ya uga wa nje, na kila ujirani una kiwango chake cha kinga. Hidrojeni iliyo kwenye pete ya benzini haionekani mahali pamoja na hidrojeni iliyo kwenye kundi la methili. Umbali wa kilele kutoka kwenye alama ya sifuri, ambayo kwa kawaida ni kilele cha tetramethilisilani, huitwa msogeo wa kikemia na hupimwa kwa sehemu kwa milioni.

Felix Bloch na Edward Purcell, waliofanya kazi katika vikundi tofauti nchini Marekani, walitangaza ugunduzi wa mwangwi huu katika vimiminika na yabisi mwaka 1946, wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. Hata hivyo, kwa mchambuzi wa leo jina la Richard Ernst lina uzito zaidi. Mbinu ya mipigo na hesabu ya Fourier aliyoianzisha pamoja na Weston Anderson katika miaka ya 1960 ndiyo iliyofanya kazi iliyokuwa ikichukua muda mrefu ikamilike kwa dakika chache, nayo ilimpatia Nobel ya kemia mwaka 1991.

Kwa nini nguvu ya mashine hutajwa kwa megahertzi ilhali kilichomo ndani ni sumaku?

Ni mazoea ya fani. Kinachotajwa ni masafa ambayo protoni, yaani kiini cha hidrojeni, huitikia katika uga wa mashine hiyo: takriban megahertzi 42.58 kwa kila tesla moja, ambayo ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku. Mashine ya megahertzi 400 ina uga wa tesla 9.4, ya 600 ina tesla 14.1, na ya 800 ina tesla 18.8. Tesla 14.1 ni zaidi ya mara 200,000 ya uga wa sumaku wa dunia. Mwaka 2020 mashine ya kwanza ya gigahertzi 1.2, yenye tesla 28.2, ilifungwa katika Chuo Kikuu cha Florence, Italia.

Uga ukiongezeka, mchambuzi anapata nini?

Anapata mambo mawili. La kwanza ni utengano wa vilele. Msogeo wa kikemia ukipimwa kwa hertzi hukua sambamba na uga, lakini mgawanyiko wa kilele unaosababishwa na viini jirani haubadiliki. Mgawanyiko wa hertzi 7 hujaza sehemu 0.117 kwa milioni kwenye mashine ya megahertzi 60, ila kwenye mashine ya 600 hujaza sehemu 0.0117 tu, kwa hiyo makundi ya vilele yaliyokuwa yamepandana huachana.

Mafuta ya karafuu yanaonyesha jambo hili vizuri. Pamoja na yujenoli, mafuta hayo huwa na asetati ya yujenoli, na molekuli zote mbili zina kundi la methoksi (OCH₃). Katika klorofomu yenye deuteri (hidrojeni nzito), methoksi ya yujenoli huonekana karibu na sehemu 3.87 kwa milioni na ile ya asetati karibu na 3.81. Tofauti hiyo ya 0.06 ni takriban hertzi 3.6 kwenye mashine ndogo ya mezani ya megahertzi 60, na vilele viwili huungana kuwa kimoja chenye bega. Kwenye mashine ya 400 tofauti hufika hertzi 24, na kila kilele husimama peke yake na kupimika.

La pili ni usikivu. Kwenye mashine ya megahertzi 400, katika joto la kawaida la chumba, ziada ya viini katika ngazi ya chini dhidi ya ngazi ya juu ni kama 32 tu kwa kila milioni, na ishara yote hutoka katika ziada hiyo ndogo. Kwa makadirio yanayokubalika, uwiano wa ishara na kelele hukua kwa kipeo cha moja na nusu cha uga, hivyo kutoka 400 hadi 800 huongezeka karibu mara 2.8. Kwa kuwa ili kuuongeza uwiano huo maradufu kwa kurudia mipigo ni lazima kuirudia mara nne, ongezeko la mara 2.8 hupunguza muda wa kupima hadi kama moja ya nane. Kazi ya usiku mzima inakuwa kazi ya saa moja na ushei.

Je, kila sampuli inahitaji mashine ya 600 au 800?

Hapana, na maombi mengi yanayotaja mashine kubwa hayana sababu ya kikemia. Molekuli ndogo iliyosafishwa vizuri, inayopatikana kwa miligramu kadhaa, hutambulika kikamilifu kwenye 400. Mashine kubwa ina kazi yake pale ambapo mchanganyiko ni mzito wa vilele, kama dondoo ghafi la mmea, asali au mkojo. Pale ambapo sampuli yote ni chini ya miligramu moja. Na pale ambapo molekuli yenyewe ni kubwa, kama protini. Wakati mwingine fedha hutumika vizuri zaidi kununua probu iliyopozwa (probu ni kifaa kinachoshika mrija wa sampuli na koili), ambayo koili yake huwekwa kwenye kelvini 20 hivi ili kupunguza kelele za umeme, na ambayo huongeza usikivu mara tatu hadi nne bila kubadili sumaku.

Spektra ya protoni inasomwaje?

Kwa maswali matatu yanayoulizwa kwa kila kilele: kipo wapi, eneo lake ni kubwa kiasi gani, na kimegawanyika vipi. Mahali hueleza ujirani wa kikemia, eneo hueleza idadi ya protoni, na mgawanyiko hueleza majirani.

Tuchukue yujenoli safi, C₁₀H₁₂O₂, katika klorofomu yenye deuteri. Kuna protoni 12 za kuzipata. Kilele kimoja kirefu karibu na 3.87 kina eneo la protoni tatu na hakijagawanyika: hilo ni kundi la methoksi, ambalo halina hidrojeni jirani. Karibu na 3.32 kuna dableti, yaani kilele kilichogawanyika viwili, ya protoni mbili, ambayo ni CH₂ iliyo kati ya pete na kifungo maradufu, nayo imegawanywa na hidrojeni moja inayofuata. Hidrojeni hiyo moja huonekana karibu na 5.96 ikiwa imevunjika vipande vingi, kwa sababu ina majirani pande zote mbili. Karibu na 5.08 zipo protoni mbili za ncha ya kifungo maradufu. Pete ya benzini hutoa protoni tatu, moja karibu na 6.85 na mbili karibu na 6.68, na iliyobaki ni hidroksili, kilele karibu na 5.5 ambacho kinaweza kusogea au kupanuka kulingana na unyevu na ukolezi. Jumla ni 3 + 2 + 1 + 2 + 3 + 1. Hesabu imetimia, na ndivyo mchambuzi anavyopaswa kuhakikisha kabla hajaandika jina la molekuli kwenye ripoti. Protoni ikizidi au ikipungua, kuna jambo halijaelezwa.

Katika mafuta ya karafuu ambayo hayajasafishwa, asetati ya yujenoli hujitambulisha kwa kilele kisichogawanyika cha methili ya asetili karibu na 2.31, na kariofileni kwa methili zake karibu na 1.0 na 1.6. Hapa ndipo penye maslahi ya biashara. Mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye karafuu zenyewe huwa na asetati nyingi zaidi kuliko yale ya majani au ya makonyo, na bei zake hazilingani. Kilele cha 2.31 kikiwa kidogo mno katika mafuta yanayouzwa kama ya karafuu tupu, mkaguzi ana haki ya kuuliza maswali zaidi, ingawa si haki ya kuhukumu, kwa kuwa aina ya mmea na muda wa ukamuaji pia hubadilisha kiasi hicho.

Mbona kaboni-13 huchukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu ni asilimia 1.1 tu ya kaboni ya asili, na usumaku wa kiini chake ni karibu robo ya ule wa protoni. Mambo hayo mawili kwa pamoja hufanya usikivu wake uwe chini karibu mara 6,000. Yujenoli hutoa mistari kumi ya kaboni, mmoja kwa kila atomu, lakini kuipata kunaweza kuhitaji mamia ya mipigo mahali ambapo protoni ilihitaji minane au kumi na sita. Florini-19 na fosforasi-31 hazina tatizo hili: kila moja ndiyo isotopu pekee ya asili ya elementi yake, ndiyo maana dawa za wadudu zenye fosforasi huonekana kwa urahisi.

COSY, HSQC na HMBC ni nini?

Ni majaribio ya vipimo viwili, ambayo spektra yake ni kama ramani yenye mihimili miwili. COSY huonyesha protoni zipi ni majirani. HSQC huunganisha kila protoni na kaboni inayoibeba. HMBC huvuka vifungo viwili au vitatu, na kwa maoni yetu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote kwa anayetafuta muundo wa kiungo kipya cha mmea, kwa sababu huunganisha vipande vilivyotenganishwa na kaboni zisizo na hidrojeni. Katika yujenoli, protoni za 3.87 huonyesha alama ya HMBC kwenye kaboni iliyo karibu na 146, na hapo inathibitika methoksi imeshikamana na kaboni ipi ya pete.

Je, NMR inaweza kupima kiasi, au inatambua tu?

Inaweza, na kwa usahihi ambao wengi hawautegemei. Eneo la kilele hulingana na idadi ya viini bila kujali ni molekuli gani, kwa hiyo hakuna haja ya kuwa na kiwango safi, yaani kemikali rejea ya kulinganishia, cha kila kiungo, kama inavyohitajika katika kromatografia. Kiwango kimoja chenye usafi uliothibitishwa kinatosha kwa viungo vyote.

Tuseme umepima miligramu 30.0 za mafuta ya karafuu pamoja na miligramu 10.0 za dimethili tereftalati, ambayo uzito wake wa molekuli ni 194.18 na ambayo protoni zake nne za pete husimama peke yake karibu na 8.10. Miligramu hizo kumi ni milimoli 0.0515. Ukiliwekea eneo la kilele cha 8.10 thamani ya 4.00 na ukakuta eneo la 3.87 ni 8.51, basi kila protoni ya kiwango ina 1.00 na kila protoni ya yujenoli ina 8.51 ÷ 3, yaani 2.84. Yujenoli ni milimoli 0.0515 × 2.84, ambazo ni 0.146, na kwa uzito wa molekuli wa 164.20 hizo ni miligramu 24.0. Mafuta yana asilimia 80 ya yujenoli, tukichukulia kwamba kiwango chenyewe ni safi kabisa. Kisipokuwa hivyo, jibu huzidishwa kwa usafi ulioandikwa kwenye cheti chake.

Hesabu hiyo husimama iwapo viini vimepewa muda wa kupumzika kikamilifu kati ya mpigo na mpigo. Kanuni ya kawaida ni kusubiri angalau mara tano ya muda wa utulivu wa kiini kinachochelewa zaidi kutulia, na mara nyingi hizo ni sekunde 30 au zaidi. Spektra iliyochukuliwa kwa haraka, kwa kusubiri sekunde moja, inafaa kwa utambuzi. Kuitolea asilimia ni kujidanganya. Kosa lingine la kawaida halihusu sumaku kabisa: ni mizani. Mizani yenye hatua ya miligramu 0.1 tayari imekuletea kosa la asilimia moja kwenye miligramu kumi.

Sampuli iandaliweje?

Kwa protoni, miligramu 5 hadi 20 zinatosha, na kwa kaboni ni vizuri kufika 30 au 50. Huyeyushwa katika mililita 0.6 hivi za kiyeyushi chenye deuteri, kisha kutiwa katika mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 5. Kimo cha kimiminika kiwe kama sentimita 4 hadi 5, kwa kuwa kikiwa kifupi mno uga hauwezi kusawazishwa na vilele vyote hunenepa. Chuja sampuli. Punje zinazoelea, na hasa mabaki ya chuma au shaba, huharibu umbo la vilele kuliko udogo wa mashine, na hakuna tesla zitakazorekebisha hilo.

Hakikisha kiyeyushi cha ukamuaji kimekwisha kabisa. Asetoni huonekana karibu na 2.17, diklorimethani 5.30, na maji ndani ya klorofomu 1.56. Asetoni inastahili tahadhari ya pekee kwa mafuta ya karafuu, kwa kuwa ndiyo inayotumika kusuuzia mirija na kilele chake hukaa jirani na asetili ya 2.31. Mirija iliyooshwa ikaushwe ikiwa imelazwa, kwa joto la wastani. Tanuri kali huipinda, na mrija uliopinda unaweza kuvunjika ndani ya probu. Kwenye maabara za pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, chupa ya kiyeyushi ikishafunguliwa hunyonya maji haraka, na viyeyushi vilivyo katika vichupa vya kioo vya matumizi ya mara moja vina maana licha ya bei yake.

Kwa nini kiyeyushi kiwe na deuteri?

Kwanza, kiyeyushi cha kawaida kina hidrojeni nyingi kuliko sampuli kwa maelfu, na kilele chake kingeifunika spektra. Pili, mashine hufuatilia ishara ya deuteri ili kusahihisha mabadiliko madogo ya uga wakati wa kupima. Mabaki machache ya klorofomu ya kawaida hubaki yakionekana kwenye 7.26, nayo hutumika kama alama ya kurekebishia mizani ya spektra.

Je, sampuli huharibika?

Haiharibiki. Vukiza kiyeyushi na utaipata yote.

Ni nini ambacho NMR haiwezi?

Haifai kutafuta sumu iliyopo kwa kiasi kidogo sana. Mabaki ya dawa ya wadudu katika mikrogramu kwa kilo ni kazi ya kromatografia ya gesi au ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometria ya masi, na metali nzito zina vifaa vyake. Pia haitofautishi molekuli na taswira yake ya kioo isipokuwa kwa kuongeza kitendanishi maalumu. Anayeuliza "kuna nini ndani ya chupa hii?" anapata jibu zuri kwa viungo vinavyozidi asilimia moja hivi, kwa vilivyo chini ya hapo atahitaji muda mrefu, au mbinu nyingine.

Umeme ukikatika, sumaku huzimika?

Haizimiki. Koili ya sumaku, iliyosukwa kwa nyaya za niobi na titani au niobi na bati, imezama katika heliamu kimiminika kwenye kelvini 4.2, ambako nyaya hizo hazina ukinzani wowote. Umeme uliotiwa siku ya kuifunga mashine huendelea kuzunguka kwa miaka bila chanzo cha nje. Kinachohitaji umeme ni kabati la elektroniki, kompyuta, kiyoyozi na kikandamiza hewa, navyo viwekewe betri za akiba, hasa kwa majaribio ya usiku kucha.

Hatari kwa sumaku ni kukosa ubaridi. Heliamu huongezwa kila baada ya miezi kadhaa, na naitrojeni kimiminika, inayoizunguka, kila wiki moja au mbili. Naitrojeni inaweza kutengenezwa nchini. Heliamu huagizwa kutoka nje, na meneja wa maabara anayesubiri kipimo kikaribie ukomo ndipo aagize anacheza kamari na kifaa cha thamani kubwa. Heliamu ikipungua kupita kiasi, sehemu ya koili hupata joto, ukinzani hurudi ghafla na nishati yote huichemsha heliamu iliyosalia. Lita moja ya kimiminika huwa takriban lita 750 za gesi. Gesi hiyo hufukuza oksijeni chumbani, kwa hiyo mtu hutoka kwanza na kuuliza baadaye, na chumba kiwe na kipima oksijeni na njia ya kutolea gesi.

Nani hapaswi kuingia kwenye chumba cha mashine?

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivuke mstari wa militesla 0.5 uliochorwa sakafuni. Vivyo hivyo kwa mwenye vipande vya chuma mwilini mpaka daktari athibitishe aina yake. Funguo, spana, mitungi ya gesi na viti vya chuma vibaki nje. Sumaku iko kazini saa zote, hata wikiendi taa zikiwa zimezimwa, na wahudumu wa usafi ndio wanaostahili kuelezwa hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Kadi za benki hufutika.

Chuo chetu hakina mashine. Tunaweza kutuma sampuli nje?

Ndiyo, na watafiti wengi wa mimea ya dawa wa Afrika Mashariki wamefanya hivyo kwa muda mrefu kupitia ushirikiano na vyuo vya Ulaya na Afrika Kusini. Tuma sampuli ikiwa kavu, katika kichupa cha kioo kilichofungwa vizuri, si ndani ya mrija wenye kiyeyushi. Epuka vifuniko vya plastiki laini, kwa kuwa vilainishi vyake huyeyuka na kuonekana kwenye spektra. Andika uzito halisi, kiyeyushi kinachoiyeyusha na muundo unaoutarajia. Kibali cha kusafirisha malighafi ya kibiolojia kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko uchambuzi wenyewe, kwa hiyo kianze mapema.

Tuombe nini tunapopokea matokeo?

Msikubali picha ya spektra peke yake. Ombeni faili ghafi la ishara kabla ya hesabu ya Fourier, pamoja na masafa ya mashine, kiyeyushi, joto, idadi ya mipigo na muda wa kusubiri. Mkiwa na faili hilo mnaweza kurekebisha mstari wa chini, kupima maeneo upya na kukuza sehemu ambayo mchambuzi aliipita, kwa programu ambazo baadhi yake hutolewa bure kwa vyuo. Ripoti inayotoa asilimia bila kutaja muda wa kusubiri na kiwango kilichotumika irudishwe kwa aliyeiandika aijazie.